Bondeni Walihamishwa

Kwenye basi, mzee mmoja aliyekaa kiti cha mbele yangu alimwambia kondakta amshushe Buigiri. Mama aliyekaa naye akageuka. "Shikamoo baba. Sauti hii naijua. Si wewe uliyekuwa ukitafsiri sinema kwenye kibanda cha video Nkuhungu?"

Mzee akaumuka kama andazi. "Marahaba! Ndiye mimi, Tadeo."

"Ile ya vita, ndege zinapasua bwawa. Ulisema watu wa bondeni walihamishwa kwanza."

"Ah, walikufa maji, mwanangu. Niliona watazamaji wamenuna, nikawahamisha mwenyewe."

"Kaka yangu alikuamini. Mto ulipofurika kwetu tulimwita tukimbie, akasema tusubiri, watakuja kutuhamisha. Tulimzika Jumatano."

Mzee alijibu, lakini sauti iliyokuwa ikijaza kibanda kizima haikunifikia, ingawa nilikuwa nimeinama mbele makusudi nisikie.

Basi likasimama. Kondakta akaita "Buigiri!" mara tatu. Mzee hakuinuka.