Maman Colombe na maji ya Nyamubanda

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Maman Colombe Akonkwa, mkurugenzi wa Mfuko wa Misitu na Vijiji, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2024. Aliingia kwetu akitokea kituo cha utafiti cha Lwiro, alikokuwa akibandika majina kwenye mimea iliyokaushwa. Anaondoka akiwa ameongoza miradi katika vijiji arobaini na viwili, kuanzia Minova hadi milima ya nyuma ya Lwiro.

Anayemjua zaidi ni Philémon, dereva wetu. Anasema Maman Colombe akitamka kwamba wamekaribia kufika, basi zimebaki saa mbili za matope. Wafadhili nao walilijua hilo kwa miguu yao. Hakuna aliyefunguliwa faili la mradi ofisini kwetu Nyalukemba kabla ya kupanda mlima na kula bugali na sombe ya majani ya muhogo kwa wenyeji. Mmoja alipanda na viatu vya ngozi, akateremka na sandali za kuazima. Mwaka uliofuata alirudi na buti.

Lakini kazi yake kubwa ilianzia kwenye kosa. Tulipanda mikaratusi elfu nne kuzunguka chemchemi ya kijiji cha Nyamubanda, kwa sababu inakua haraka na inapendeza kwenye picha. Mwaka wa tano maji yalikuwa yamebaki kama uzi. Maman Mapendo, msemaji wa wanawake wa kijiji, alimwambia mbele yetu sote: “Maman directrice, ile miti yenu iko nakunywa kutupita. Muiletee basi na vikombe.”

Ripoti ilikuwa ikingojewa Ulaya, na mkataba mpya wa miaka mitatu, pamoja na kazi zetu sote, uliitegemea. Baadhi yetu tulishauri chemchemi isitajwe. Aliandika kurasa nne juu ya chemchemi na moja juu ya mengine yote. Kisha, kama desturi ya Bushi, nchi ya milima hiyo, inavyomtaka mkosaji, alipanda Nyamubanda na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kuomba msamaha. Wazee walikunywa, wakamsamehe siku hiyohiyo. Wafadhili walinyamaza miezi saba.

Katika miezi hiyo mikaratusi ilikatwa. Kati ya wafanyakazi wake alituita sisi tuliofukuzwa na vita vijijini mwetu, tuliokuwa tukitunza vitalu vyake vya miche, akatuuliza ni miti gani ilisimama kwenye chemchemi za kwetu. Tulitaja majina ambayo hatukuwa tumeyatamka kwa miaka. Aliyaandika yote, akatafuta mbegu, akapanda. Mwezi wa nane barua ikafika: mkataba umekubaliwa, tena wa miaka mitano, kwa kuwa ripoti yake ndiyo pekee iliyokiri kosa. Baada ya misimu mitatu ya mvua, maji yalirudi.

Ijumaa hatutaweka mezani maji ya kiwandani. Maman Mapendo ametuma habari kwamba atashuka na bidoni la maji ya Nyamubanda, na kwamba safari hii directrice atakunywa wa kwanza, miti isubiri.

Aksanti sana, Maman Colombe. Upate afya, wajukuu na bustani isiyohitaji ripoti. Na siku utakayotuambia kwamba umeukaribia uzee, tutafanya hesabu ya Philémon, tujue kwamba bado uko mbali.