Marvene Kucera na Simu Ambayo Hakuipiga

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja na timu moja. Mwanamke ni Marvene Kucera wa Pell Bend, Nebraska, Marekani. Timu ni ile ya softiboli, mchezo wa mpira na gongo, ya wasichana wa Chuo cha Pell Bend. Marvene alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na sita. Timu ilitangulia. Timu ilikufa mwaka 2004. Na huwezi kueleza ilivyokufa bila kumtaja mwanamke wa pili, Twyla Brandt. Marvene mwenyewe asingependa nilitaje jina hilo mapema hivi. Angenuna. Lakini ndivyo ilivyokuwa maishani mwake: ukianza kumzungumzia yeye, Twyla anaingia.

Marvene alikuwa binti wa Emil Kucera, mkulima wa mahindi na nguruwe. Mdogo wake, Arlys, anakumbuka hivi: "Baba alichora mraba kwa chokaa kwenye mlango wa ghala. Akamwambia Marvene, lenga humo. Dada alirusha mpira kila jioni mpaka mbao zikaachana. Mimi kazi yangu ilikuwa kuufuata kwenye matope ya nguruwe."

Mwaka 1976 akaingia chuoni. Wavulana walikuwa na timu tatu. Wasichana walikuwa na kwaya. Marvene akapita mabwenini akigonga mlango mmoja baada ya mwingine.

"Unajua kudaka mpira?"

"Sijui."

"Kukimbia je?"

"Nikifukuzwa."

"Basi njoo kesho saa kumi."

Wakapatikana kumi na mmoja. Walipewa kiwanja nyuma ya nyumba ya kufulia nguo, wakaokota mawe wenyewe kwa ndoo. Mwalimu wa biolojia, Bi. Oleta Finch, akakubali kuwa kocha kwa sharti kwamba asilazimishwe kukimbia. Mrushaji alikuwa Marvene. Narudia, wasikilizaji, kwa sababu watu wengi wa Pell Bend wamelisahau hili: mrushaji wa kwanza wa timu ile alikuwa Marvene Kucera. Katika softiboli mrushaji ndiye anayetazamwa na kila mtu. Anasimama katikati, anauzungusha mkono kwa chini, na uwanja mzima unabana pumzi pamoja naye. Msimu ule wa kwanza walishinda michezo miwili tu. Marvene alitembea chuoni kama mtu aliyeshinda yote.

Vuli ya 1977 akaja Twyla. Msichana mrefu kutoka ranchi za magharibi, mpole, mwenye mkono kama kamba ya mjeledi. Siku ya tatu ya mazoezi Bi. Finch alimwita Marvene pembeni. Akamkabidhi barakoa ya waya na glavu nene.

"Kuanzia leo utadaka," akasema. "Hakuna mwingine anayeweza kuudaka mpira wa yule mtoto bila kuvunjwa meno."

"Na kurusha?"

"Kurusha tumeshapata mtu, mwanangu."

Fikirini jambo hilo. Mdakaji huchuchumaa mbele ya mrushaji, wanatazamana macho kwa macho. Kila siku, misimu mitatu, Marvene alichuchumaa vumbini na kuudaka kwa kiganja chake mpira wa msichana aliyechukua nafasi yake. Usiku kiganja kilivimba. Arlys anasema dada yake alikilowesha kwenye barafu huku akisema, "Hata asante hasemi." Lakini Twyla alikuwa akisema asante. Alisema kila mara. Hilo ndilo lililomchoma Marvene zaidi. Mtu mwenye kiburi unaweza kumchukia ukalala usingizi. Mtu mwema anakunyima hata hiyo nafuu.

Mei 1979 wakafika fainali ya jimbo. Raundi ya mwisho, Pell Bend wanaongoza kwa pointi moja, wapinzani wana mkimbiaji kituo cha tatu, hatua moja tu kabla ya kusawazisha. Mpigaji wao bora anaingia na gongo lake. Sasa, watu wasiojua mchezo hawajui hili: mdakaji ndiye anayechagua mpira. Huonyesha vidole chini, kati ya magoti, na mrushaji hutii. Kila mtu alitegemea Twyla arushe kwa nguvu. Marvene akaonyesha vidole viwili, mpira wa polepole. Twyla akatikisa kichwa, hapana. Marvene akaonyesha tena viwili. Twyla akatii. Mpigaji, aliyekuwa amebakiwa na nafasi moja tu, akapiga hewa, nusura aanguke kifudifudi. Pell Bend mabingwa.

Watu walivunja uzio. Wakambeba Twyla. Picha iliyotoka gazetini ilimwonyesha Twyla juu ya mabega ya watu, na pembeni kiwiko kimoja. Kiwiko hicho ni cha Marvene. Halafu baba yake, mzee Emil, aliyekuwa ameacha kupanda mahindi siku hiyo ili aje, akamfikia bintiye, akavua kofia, macho yakimng'aa. "Loo! Yule Twyla ana mkono, jamani!"

"Ndiyo, baba," Marvene akajibu. "Anao."

Chanda chema huvikwa pete, tunasema. Hakuna anayekitungia kiganja methali.

Mwaka uliofuata bega la Twyla liliharibika. Hakurusha tena. Alihamia Omaha, akawa mwalimu wa shule, na kwa miaka mingi hakuonekana Pell Bend. Mwaka 1981 Bi. Finch alistaafu, Marvene akawa kocha. Alikuwa kocha miaka ishirini na mitatu. Aliendesha basi, alishona namba za jezi, alifundisha wasichana waliokuja hawajui kushika glavu wakaondoka wakiwa wanawake wanaotazama watu usoni. Hakuolewa. Alisema hana mume kwa sababu hana siku iliyo wazi.

Basi mwaka 1991 chuo kikaamua kuupa uwanja jina. Wakauita Uwanja wa Twyla Brandt. Wakati wa kufunua kibao, Marvene alipiga makofi kama wote. Kisha akaenda nyuma ya nyumba ya kufulia, Arlys akamkuta huko amekaa juu ya ndoo.

"Dada, unalia?"

"Silii. Nimeng'oa mawe ya uwanja huu kwa kucha zangu, Arlys. Yeye alikuja umeshasafishwa."

Mnaona kijiba cha roho kilivyokua? Kilikua taratibu, kikapata mizizi.

Na sasa nafika mahali pagumu. Februari 2004 wanafunzi wa chuo walikuwa wamepungua sana. Mkuu wa chuo, Bwana Lindquist, alimwita Marvene akamwambia bodi itapiga kura kuifuta softiboli. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa na njia. "Nusu ya bodi ni watu waliokuwepo uwanjani ile 1979," akasema. "Twyla Brandt akija kuwaambia neno moja, hawataweza kunyanyua mkono kuifuta. Mpigie, Kocha. Una wiki mbili."

Wasichana wa timu walikuwa kumi na saba. Wakamzunguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, habari ya Twyla imeshawafikia. Aliyeongoza alikuwa mrushaji wao, Shawna Teel, msichana wa kwanza wa ukoo wao kukanyaga chuo.

"Kocha, utampigia?"

"Nitampigia."

Jioni ile alikaa jikoni, namba mbele yake, mkono kwenye simu. Miaka mingi baadaye alimwambia Arlys alichokiona mbele ya macho yake. Alimwona Twyla akiingia chumba cha bodi na nywele zake za mvi nzuri. Aliwaona wazee wakisimama. Alisikia makofi. Aliona gazeti la kesho yake: Twyla Brandt Aiokoa Timu. Na pembeni ya picha, kiwiko.

Akauondoa mkono.

Kesho yake Shawna akauliza. "Hapatikani," Marvene akasema. Siku tatu baadaye akauliza tena. "Nimeacha ujumbe. Hajajibu. Watu wakubwa wana mambo mengi."

Akaenda mbele ya bodi peke yake. Alizungumza dakika ishirini, na waliokuwepo wanasema alizungumza vizuri kuliko siku yoyote. Wakamshukuru. Wakapiga kura. Saba kwa nne, timu ifutwe. Mchezo wa mwisho ulichezwa mwezi Mei. Misimu ishirini na minane, basi. Baadhi ya wale kumi na saba walihamia vyuo vingine. Baadhi waliacha masomo. Shawna aliacha, akarudi kwao kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama.

Uongo ule ulikaa miaka kumi na moja. Mwaka 2015 wachezaji wa zamani walikutana kula chakula kwenye ukumbi wa kanisa: mikate ya nyama na kabeji, na kolache, yaani vimkate vitamu vya plamu, alizooka Arlys. Twyla alikuja. Alisimama kusema machache. "Kitu kimoja sijakielewa mpaka leo," akasema. "Timu ilikuwa inakufa, mwendo wa saa mbili tu kutoka kwangu. Niliisoma gazetini imeshafutwa. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyenipigia?"

Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kumwelekea Marvene. Shawna alikuwa meza ya mlangoni. Marvene angeweza kusema tena kwamba Twyla hakupatikana. Akasimama.

"Sikukupigia," akasema. "Niliwadanganya wasichana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wangekupigia makofi."

Shawna alichukua koti lake akatoka. Mlango ulibaki wazi, baridi ikaingia. Watu wakaanza kutazama sahani zao. Twyla akasema, polepole: "Mimi nilirusha misimu mitatu, Marvene. Wewe ulikuwa na timu miaka ishirini na mitatu. Unajua nilivyokuonea gere? Nilikuwa naogopa hata kuja kutazama." Akapangusa macho kwa hasira. "Lakini mimi nisingekufanyia hivi."

Naye akaondoka.

Wasikilizaji, Marvene hakujifungia ndani. Kiangazi kile aliwasha gari lake la kubebea mizigo, akawafuata wale kumi na saba, mlango kwa mlango. Alisimama barazani, akavua kofia, akasema: "Timu yenu ilikuwa na njia ya kupona. Mimi niliiziba, kwa wivu." Hakuongeza kitu. Wengine walimkaribisha kahawa. Wanne walifunga mlango. Mmoja alikuwa ameshafariki, akamwambia mama yake. Wa mwisho alikuwa Shawna. Alisikiliza hadi mwisho, bado amevaa buti za kiwandani.

"Ungetuambia tu hutaki kupiga," Shawna akasema. "Tungempigia sisi."

Marvene alimwambia Arlys kwamba katika yote aliyotukanwa, hakuna lililomwingia kama hilo lililosemwa bila tusi. Maana lilikuwa jambo dogo hivyo.

Twyla alikaa kimya miaka miwili. Kisha siku moja akafika kwa Marvene bila taarifa, akakaa jikoni, akasema, "Sijakusamehe. Nimekuja kunywa kahawa." Akawa anakuja kila mwezi. Na msidhani Marvene aliponywa wivu. Mwezi uliopita, Marvene akiwa hospitali, Twyla aliingia na maua. Muuguzi mmoja mtu mzima akashika mdomo. "Mungu wangu! Wewe si Twyla Brandt? Nilikuwepo 1979!" Akamsahau mgonjwa kabisa, akaenda kuwaita wenzake.

"Unaona?" Marvene akasema kutoka kitandani. "Hata kufa kwangu ataniibia."

Twyla alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda. Wale wauguzi walipoingia, akawaelekeza kitandani. "Huyu hapa ndiye aliyeagiza ule mpira wa polepole," akawaambia. "Mimi nilikataa. Akaniagiza tena." Wakamgeukia Marvene. Arlys anasema dada yake aliona haya kama msichana, akavuta shuka mpaka kidevuni.

Alizikwa Jumamosi. Kati ya wale kumi na saba walikuja tisa. Shawna Teel hakuja, wala hakuna aliyemlaumu. Chuo cha Pell Bend hakina timu ya softiboli mpaka leo.

Kwa Arlys na ukoo wote wa Kucera, poleni sana. Kwa Twyla Brandt, pole. Na kwa wasichana wa misimu ishirini na minane, popote mlipo, tunawapa pole kwa misiba miwili. Wewe unayesikiliza, jiulize leo bila kumwambia mtu: ni kitu gani unachokipenda ambacho uko radhi kife, mradi tu asikiokoe fulani? Jina limekujia. Najua limekujia. Usilikimbie.