Mshindo Usioshtua Mtu

Mgeni rasmi, viongozi mlioandamana naye, na ninyi majirani zetu wapendwa,

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa kituo cha majaribio ya ndege tunakupokea kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa viti visivyofanana. Vingine tumeazima kwa kinyozi. Tunajua umekuja kuamua kama kituo kifungwe. Hilo halijatupunguzia furaha ya kukuona.

KAZI YETU
Ndege ikikimbia kuliko sauti, hewa hujibana mbele yake, na huku chini watu husikia mshindo wa kutikisa madirisha. Sisi hurusha ndege ndogo isiyo na rubani na kuibadilisha pua, tukitafuta umbo litakaloutuliza mshindo huo. Kwa kuwa ndani hamna mtu, twathubutu kujaribu hata pua za ajabu. Vinasa sauti hupima, lakini mahakimu wetu ni majirani: aliyeshtuka hupandisha kitambaa chekundu. Hatuwaambii kamwe ndege itapita saa ngapi.

MAFANIKIO
Zamani mama mshonaji, jirani yetu, alijidunga sindano kila tuliporusha. Mwenzetu anayeiongoza ndege alikuwa akienda kumwomba radhi, na kurudi ameshonewa kifungo cha shati.

Mwezi uliopita tulifunga pua mpya, nyembamba na ndefu. Mwenzetu akarusha, akachungulia dirishani. Hakuna kitambaa. Akampigia mama simu.

"Shikamoo mama. Umesikia?"

"Marahaba. Nisikie nini? Hujarusha kitu, mwanangu. Acha uvivu!"

Akaamini ndege haikufikia kasi. Akaizungusha tena, na tena, asivitazame hata vinasa sauti, mpaka mafuta yakakata. Ikateremka kwa mwavuli wake na kutua juu ya kamba ya nguo za wateja wa mama yuleyule.

"Haya, sare zenu zenyewe sijamaliza," mama akamwambia mwenzetu alipoifuata ndege, "na wewe ushakuja kuchukua?"

Vinasa sauti vilionyesha kwamba kila mara ilikuwa imepita kwa kasi kamili. Sauti yake: kama mtu anayetua gunia taratibu.

CHANGAMOTO
Taarifa iliyokufikia ilisema ndege imeanguka. Haikueleza sababu. Kosa ni letu sote. Tulijiandaa kwa kelele, hatukujiandaa kwa ukimya. Lakini mwenzetu anaamini ameizima kazi ya wenzake kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku ile hakugusa mitambo. Mpaka leo asubuhi, tulipombembeleza.

OMBI
Hatuombi jengo wala gari. Tunaomba mwaka mmoja zaidi.

Mgeni rasmi, mwenzetu hayumo humu ukumbini. Yuko chumba cha mitambo. Tulipokuwa tukikusomea habari za mafanikio, ndege imepita juu ya paa hili. Kama hukuruka kitini, basi jibu unalo.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, akujalie afya na usingizi mtulivu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kituo cha Kutuliza Mshindo wa Ndege, pamoja na majirani wanaotusikiliza.