Truphosa Kwamboka Hatarudishwa Nyamira

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi nyote mnaotufuata kwa mtandao kutoka Nyamira, mimi naitwa Fiona Kerubo, mdogo wa marehemu, na familia imeniomba nisome historia ya maisha yake kwa ufupi na kwa upole, nami kwa ufupi nitajaribu.

Dada yetu Truphosa Kwamboka Ombati alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Nyamira, akiwa kifungua mimba wa marehemu mzee Ombati na marehemu mama Bosibori, akafuatwa na kaka yetu Derrick, kisha mimi niliyekuja nyuma sana, wakati yeye tayari ni msichana wa kunibeba mgongoni huku akifanya hesabu zake za shule. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1982, akajiunga na chuo cha ualimu, na kuanzia Januari 1986 alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka thelathini, kwa hiyo kama yupo mtu Nyamira anayeandika hata leo kwamba Truphosa alikuwa mzigo, huenda ni yeye aliyemfundisha kuandika.

Mwaka 1988 aliolewa, na jina la mume huyo sitalitaja kwa sababu yeye mwenyewe aliacha kulitaja. Alipoteza mimba mbili, na baada ya ile ya pili, mwaka 1994, alirudishwa nyumbani na masanduku yake, akitazamwa na watu wale wale walioimba harusini kwake. Hakujaliwa kupata mtoto, lakini ninyi mlioandika kwenye tangazo la kifo kwamba hakuacha mtu mmekosea, maana mimi na Derrick tulisomeshwa kwa mshahara wake, mimi uuguzi na yeye uhasibu, na baada ya sisi kumaliza ndipo alipojijengea nyumba yake ya mawe mjini Keroka, bila mchango wa mwanamume yeyote.

Agosti 2016 alipigwa na kiharusi akiwa darasani, upande wa kulia ukapooza na ulimi ukawa mzito. Derrick akahamia na mkewe katika nyumba hiyo ya Keroka, akasema amekuja kumtunza, na kabla mwaka haujapita dada alikuwa amehamishiwa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo, msichana wa kwanza aliyeajiriwa kumhudumia akafukuzwa, wa pili akaondoka mwenyewe, na aliyebaki kumwosha na kumgeuza kitandani ni jirani, Safiya, mwenye duka la vitambaa, ambaye aliingilia mlango wa uani wakati wenyeji hawapo. Nilipofika kutoka huku Uingereza Desemba 2017 nilimkuta na kidonda mgongoni ambacho mimi, muuguzi, nilikiangalia mara moja na ikanibidi nitoke nje kwanza ndipo niweze kukiangalia tena.

Mimi ni raia wa Uingereza tangu mwaka 2012, na sheria ya huku inamruhusu raia kumleta ndugu yake akae moja kwa moja, ila kwa sharti gumu, awe hawezi kabisa kujihudumia, na huko aliko asiwepo mtu wala mahali pa kumtunza, hata kwa kulipia. Nilipeleka ombi mwaka 2018. Afisa alipompigia Derrick simu kuhakikisha, kaka yetu, akiwa amekaa katika sebule ya dada, alijibu, "Dada yangu anatunzwa vizuri na familia, hana shida yoyote," na ombi likakataliwa, jibu lake likiwa limenukuliwa neno kwa neno.

Tulikata rufaa, na mwezi Mei 2019 nilisimama mbele ya jaji hapa Birmingham, nikiwa na wakili wangu, Vipul, na maelezo ya Safiya aliyoyatoa kwa kiapo, ingawa Derrick alikuwa amemtisha kwamba angemfungia duka. Jaji aliniuliza kwa nini kaka asiachiwe kazi ya kumtunza dada yake, nami nikampelekea picha za kile kidonda na kumwambia, "Ameachiwa, mheshimiwa, na hii ndiyo kazi yake." Tulishinda, na tarehe 23 Novemba 2019 Truphosa aliingia Uingereza kwa kiti cha magurudumu, akiwa na ruhusa ya kuishi hapa maisha yake yote.

Alikaa kwangu Great Barr, sebule tukaigeuza chumba chake, na kidonda kikapona. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akaanza kutembea na fremu ya kujishikiza hadi kituo cha basi, akagombana na Denise, nesi wa mtaa, kuhusu chumvi, na wanangu waliozoea kunijibu kwa Kiingereza wakakuta kwamba anti yao hasikii lugha hiyo mtu anapotaka chapati. Jumapili alikuja hapa kanisani Aston, na sitaficha jinsi alivyopokewa, kwa kuwa waliompokea hivyo wamekaa viti vya mbele. Kuna waliouliza, yeye akisikia, kwa nini nimeleta mgonjwa badala ya kijana wa kufanya kazi, na bwana Mugambi, mwenyekiti wetu wa chama cha kufaana wakati wa misiba, alikataa kumwandikisha, akasema mtu huyo anakuja kufa tu. Ni kweli amekufa, bwana mwenyekiti, lakini aliishi kwanza, zaidi ya miaka mitano, na shada lenye jina la chama tumeliacha nje mlangoni.

Mwaka 2022 Derrick alipiga simu kumtaka dada amwandikie ile nyumba ya Keroka, kwa kuwa sasa ana makao Ulaya na haihitaji. Dada alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu polepole, kwa ulimi wake ule mzito, "Derrick, uliwaambia sina shida yoyote. Mtu asiye na shida hagawi nyumba." Mwaka uliofuata alimtoa humo kwa amri ya mahakama, na nyumba hiyo ameiacha kwa wosia kwa Safiya.

Tarehe 20 Januari 2025 alipigwa na kiharusi cha pili, akalazwa hospitali, na tarehe 9 Februari, asubuhi, akafariki nikiwa nimemshika mkono, ule wa kushoto.

Kwa niaba ya familia namshukuru Denise, madaktari na wauguzi wa wodi, wakili Vipul, majirani zetu wa Great Barr waliotuletea chakula bila kuuliza dini yetu, wafanyakazi wenzangu walioshika zamu zangu, na Safiya, ambaye anatutazama sasa hivi akiwa Keroka. Nisiowataja wanajijua.

Limebaki moja. Derrick ametangaza kwamba mwili unasafirishwa, amekodi mahema, na kaburi tayari limechimbwa nyuma ya nyumba ya baba. Dada alipokuwa bado anaweza kusema, mchungaji akiwa pale kitandani, nilimuuliza angependa alazwe wapi, akasema, "Nizike hapa. Kule walishanizika." Kwa hiyo tukitoka hapa tunakwenda makaburini, hapa hapa Birmingham, na wewe kaka yangu, kwa kuwa unanisikia, hilo shimo ulilochimba lifukie.

Dada Truphosa, lala kwa amani, hakuna atakayekuhamisha tena.