Bwana Orrin Tuttle: Kutoka Mlango wa Gavana Hadi Lifti ya Mashariki

Tarehe 30 Juni 1961, Bw. Orrin Tuttle anastaafu baada ya kuitumikia serikali ya jimbo letu kwa miaka thelathini na minne na nusu. Miaka ishirini na sita alikuwa bawabu mlangoni pa gavana. Iliyobaki ameendesha lifti ya upande wa mashariki. Wafanyakazi wapya hudhani alianza na lifti akapanda cheo. Ilikuwa kinyume, na wote waliohusika walikuwa watu wema.

Aliajiriwa Januari 1927, bila mtihani, kwa sababu mjomba wake alibandika mabango ya mgombea aliyeshinda. Hajawahi kulificha jambo hilo. Siku ya kwanza alimzuia spika wa bunge kwa kuwa hakumfahamu. Siku ya pili alimpitisha muuza mifagio kwa kuwa alivaa kama spika. Tangu hapo akajizoeza kuwatazama watu vizuri.

Kila mgeni alipoondoka, gavana alichungulia mlangoni na kuuliza, "Huyu vipi, Orrin?" Naye alisema alichokiona. Kuhusu mhandisi mmoja wa madaraja alijibu, "Ameshika ukuta ngazi zote, Mheshimiwa. Nadhani anaogopa kimo." Daraja lilipewa mwingine. Magavana walipokezana, wa chama hiki na wa chama kile, lakini swali lilibaki lilelile.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka desturi ya barua. Asubuhi ya kuapishwa gavana mpya, kila mfanyakazi, kuanzia wahasibu hadi wafagiaji, aliweka juu ya meza ya gavana huyo barua ya kujiuzulu, yenye sahihi lakini bila tarehe. Gavana aliyetaka kumwondoa mtu alijaza tarehe tu. Mume wangu Clyde, fundi wa mabomba wa jengo hili, alikuwa akiiandika barua yake wakati wa kiamsha kinywa, karibu na sahani ya mayai.

Gavana Lathrop ndiye aliyeikomesha. Kwa sheria yake ya mwaka 1950, kazi zilianza kutolewa kwa mtihani, na hakuna aliyeweza kufukuzwa bila kosa. Alitukabidhi barua zetu mkono kwa mkono, akagawa upya pia majimbo ya uchaguzi na kufungua vikao vya kamati kwa wananchi. Wananchi walifurahi sana, na uchaguzi uliofuata wakamchagua mwingine.

Huyo mwingine alikuwa Gavana Dacey. Asubuhi alipoapishwa, Januari 1953, Bw. Tuttle alinyoa ndevu, akavaa tai ya buluu, akaweka barua ya kujiuzulu mezani. Tulipomuuliza kulikoni, alisema, "Ni adabu tu. Mtu anahamia, humsalimii?"

Barua ilimfikia Bi Fern Ostrander, katibu mpya, aliyeongoza jimbo zima katika mtihani wa makatibu. Aliona barua haina tarehe. Akaigonga muhuri wa tarehe, akaipeleka panapohusika. Ijumaa Bw. Tuttle hakuwa tena mfanyakazi wa serikali.

Bi Ostrander alilia siku mbili. "Mzee Orrin, nimekufukuza kazi!"

"Hukunifukuza, binti yangu. Nilijifukuza mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri."

Sheria haikuruhusu barua iliyopokelewa irudishwe. Nafasi ilitangazwa. Akiwa na miaka hamsini na saba, Bw. Tuttle alifanya mtihani wa kupata kiti alichokuwa amekikalia miaka ishirini na sita. Swali la nne liliuliza: mgeni asiye na miadi akidai ni binamu wa gavana, utafanya nini? Aliandika: "Inategemea ni wa upande gani." Akakosa alama zote za swali hilo.

Hata hivyo alikuwa wa tatu, na sheria inampa gavana majina matatu ya juu achague moja. Wa kwanza alikuwa kijana wa chuo kikuu. Wa pili alikuwa Roscoe Pruett, askari aliyerudi kutoka Korea. Siku ya usaili mlango haukuwa na bawabu, kwa hiyo Bw. Tuttle aliwapokea wenzake, akawapa maji, akawaingiza mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika alifungua mlango akatangaza, "Mheshimiwa, Bw. Orrin Tuttle amefika," akaingia.

Walizungumza vizuri. Mwishoni gavana, kwa mazoea aliyokwisha kuyapata katika siku zile chache za kabla ya Ijumaa ile, akauliza, "Hawa wawili vipi, Orrin?"

Angeweza kunyamaza. Verna, mkewe, alikuwa akimsubiri nyumbani, kwa wasiwasi hata hajapika. Yeye akasema, "Yule wa chuo ni mwerevu, Mheshimiwa, lakini hakumsalimu mfagiaji. Pruett alimsalimu, na akakumbuka jina langu alipotoka. Atakufaa."

Gavana Dacey alimwajiri Bw. Pruett, ambaye yuko mlangoni hadi leo na anamfaa kila gavana. Jina la Bw. Tuttle lilibaki kwenye orodha, na mwezi wa Aprili nafasi ya lifti ikapatikana. Aliyemlaumu Lathrop mbele yake alijibiwa, "Sheria ni nzuri. Imenipita tu."

Clyde alifariki Novemba iliyopita. Niliporudi kazini nilipanda lifti ya mashariki, na kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili ikasimama. Bw. Tuttle aliutazama ukuta. "Inasumbua kidogo hapa," alisema. "Huchukua kama dakika tatu." Ilisumbua hapo kila asubuhi hadi Februari, ikapona siku ileile nilipofika na macho makavu. Mlangoni pa gavana asingekuwa na mahali pa kunifichia.

Asante, Bw. Tuttle. Nenda salama kwa Verna, mle chakula kikiwa bado cha moto, na miaka yenu iwe mingi na myepesi.

Loretta Beamer
Ofisi ya Barua, ghorofa ya pili