Daktari Ameshauri au Ameamuru?

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya kibanda cha Fundi Saa, na siku zote hatukosi cha kubishania. Jana nilitamani tungekikosa. Binti yake Fundi, anayeishi mbali huko wanakozungumza Kihispania, alimtumia sauti ya daktari wake. Binti ana uvimbe karibu na uti wa mgongo. Ukikatwa vibaya, hatembei tena. Chini akaandika: "Baba, nifanyeje? Wanataka jibu leo." Fundi akampa simu Baharia, aliyewahi kupika melini chini ya bosi Mhispania.

— "Debería operarse," yaani apasuliwe. Amri hiyo! Akapasuliwe.

— Una hakika ni amri, si ushauri? Fundi akauliza.

— Mimi melini sikuwahi kushauriwa, ndugu yangu. Kihispania chote nilichokisikia kilikuwa amri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Baharia! Mtoto wa mwenzio anaogopa kupoteza miguu, wewe unaleta habari za guu?

Huyo alikuwa Profesa, ambaye chuo chake ni magazeti ya juzi.

— Sauti yenyewe ya upole, huo ni ushauri. Na daktari anayeshauri hajui, anayejua huamuru. Haraka haraka haina baraka. Asubiri.

— Upole ndio hatari! Bosi wangu alifoka kila siku. Siku aliyotubembeleza, meli ilikuwa inaingia maji.

— Basi daktari huyo anatafuta mgongo wa kujifunzia!

— Nyamazeni! Fundi aliruka, kahawa ikamwagika. Mwanangu nimjibu nini?

Mama mmoja, mgeni kwetu, alikuwa amesimama pale akisubiri saa yake itiwe betri.

— Samahani, baba. Binti yako Kihispania hakijui?

— Anakijua sana. Anasomesha watoto kwa lugha hiyo.

— Sasa kama alimwelewa daktari, wewe amekutumia ya nini?

Baharia akachungulia kikombe kitupu. Profesa akafungua gazeti, akalifunga.

Fundi alichukua simu yake, akaingia kibandani, akavuta mlango. Ukuta ule ni wa mabati, hausitiri kitu.

— Lia kwanza, mama, tulimsikia akisema. Baba yako nipo.