Mnazi wa Mgeni

Mgeni alishushwa pwani asubuhi, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akimngoja.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Ten Tiaon Nabetari, mgema wa kijiji cha Temanoku, kisiwani Onotoa. Tiaon alizikwa wiki iliyopita. Lakini habari za Tiaon haziwezi kusimuliwa bila habari za mgeni yule, kwa hiyo tunaanza na mgeni.

Mgeni aliitwa Ten Uriam, Ten ya heshima tunayompa kila mwanamume, kama mwanamke tunavyompa Nei. Safari yake haikuwa ya Onotoa. Alikuwa akirudi kwao, kisiwa cha Tamana, na mikononi alikuwa na mtoto mchanga wa kike. Mama wa mtoto alikuwa amefariki baada ya kujifungua. Meli ilifika Tamana ikakuta bahari imechafuka, mashua zikashindwa kuvuka mwamba, nahodha akageuza. Iliporudi Onotoa ikashusha mchele, ikashusha mafuta ya taa, ikamshusha na Uriam. Akaambiwa asubiri meli nyingine. Sote tunajua maana ya maneno hayo. Meli nyingine huja siku inapokuja.

Tiaon alikuwa kijana, yuko pwani akibeba magunia. Mama yake, Nei Maere, ndiye aliyemsogelea mgeni.

"Huyu mtoto anakula nini?"

"Tembo tamu, mama, lisilochacha. Nachanganya na maji."

"Na mnazi unao?"

"Mama, hapa sina hata kivuli."

Nei Maere akacheka. Akampa kona ya nyumba yake na mnazi mmoja, ule ulio nyuma ya nyumba, kando ya njia. Ulikuwa mwaka wa ukame. Madafu yalikuwa madogo kama ngumi, na dukani maziwa yalikuwa yamekwisha. Mtoto yule, jina lake Rotia, aliishi kwa tembo la mnazi mmoja. Tunaomba mkumbuke hilo, wasikilizaji. Mtoto mmoja, mnazi mmoja.

Uriam alikuwa mgema hodari. Asubuhi na jioni alipanda, akaliparua kwa kisu karara la maua, akatundika kifuu kukinga tembo, akaimba. Mgema lazima aimbe. Asiyeimba juu ya mnazi watu husema anachungulia wake za wenzake. Tiaon naye alikuwa juu ya minazi ya kwao, akiitikia. Wanakijiji walizoea kusikia nyimbo za kanisani zikipokezana hewani, mmoja akianza, mwingine akimalizia.

Kisha siku moja kidato kikameguka chini ya mguu wa Uriam. Akaanguka.

Mganga wa zahanati alimpapasa, akasema nyonga imevunjika. Asisogezwe. Asipakiwe kwenye mashua. Alale hapo alipo.

Uriam alilazwa mkekani, akamwita Tiaon.

"Ndugu yangu," alisema, kisha akajizuia. "Samahani. Sina haki ya kukuita hivyo. Mimi si ukoo wenu. Siwezi kukufanyia bubuti. Lakini mnazi ule ukilala leo na kesho bila kisu, karara lake litakauka."

Bubuti tunaijua. Ndugu akikuomba kitu, humnyimi, hata kama ni shati ulilovaa. Lakini haki hiyo ni ya ndugu. Mgeni hana.

"Nitaugema mimi," Tiaon akasema.

"Mpaka nitakapopona?"

"Mpaka utakapopona. Asubuhi na jioni."

Ilikuwa ahadi nyepesi. Alikuwa tayari na minazi yake. Mmoja zaidi haukuwa mzigo.

Uzito ulikuja na meli. Miezi kadhaa kabla ya mgeni kufika, Tiaon alikuwa amechaguliwa kwenda Betio, chuo cha mabaharia. Vijana wengi walijaribu. Katika kijiji kile alipita yeye peke yake. Kutoka chuoni angeingia kwenye meli za Wajerumani, zile zilizojenga nusu ya mapaa ya mabati tunayoyaona leo. Nei Maere alikuwa mjane. Alikuwa akichota maji yenye chumvi kisimani, na ndoto yake ilikuwa tangi la mvua. Si gari, si jumba. Tangi.

Siku ile meli ilipotia nanga, Uriam alikuwa bado mkekani.

Ndugu wakakusanyika nyumbani. Alikuwepo mjomba, na alikuwepo Kaitara, binamu yake Tiaon, kijana mwenye maneno mengi na kicheko kikubwa.

"Mfungie mwanao mzigo, dada," mjomba akasema. "Mashua zinaondoka jua likianza kushuka."

"Na mnazi?" Tiaon akauliza.

"Mnazi gani?"

"Wa mgeni."

Kaitara akapiga paja. "Ndiyo hiyo tu? Nitakugemea mimi, binamu. Nenda zako Ujerumani."

"Wewe?" Nei Maere akamgeukia. "Tembo lako wewe lini limewahi kufika jioni likiwa tamu?"

Watu wakacheka, na Kaitara mwenyewe akacheka. Kila mtu alijua kwamba kifuu cha Kaitara hulala juu mpaka tembo linachacha, halafu yeye na wenzake hulinywa nyuma ya vichaka. Wanaume wengine walikuwa Nauru kwenye machimbo ya fosfati, au wako melini. Waliobaki walikuwa na minazi yao na watoto wao wenye njaa.

"Sikiliza, mwanangu," mjomba akasema taratibu. "Yule si ndugu yako. Hana bubuti juu yako. Ukiondoka, hakuna atakayekulaumu. Lakini ukikaa, nafasi haitarudi. Utakuwa umemnyima mama yako ili umpe mpita njia."

Nei Rotia, aliyeyasikia haya baadaye kwa Nei Maere, ndiye aliyetusimulia jibu la Tiaon. Tiaon alisema:

"Tangu utotoni naimba kanisani kwamba nitamfuata Bwana nikiacha vyote. Sikuwahi kuwa na kitu cha kuacha. Leo ninacho."

Uriam, aliyelala nyuma ya pazia la mkeka, alisikia yote. Alianza kusema, "Nenda, kijana, mimi nita..." na hakumaliza, kwa sababu mtoto alianza kulia.

Nei Maere akaliangalia jua.

"Basi kanoe kisu," akamwambia mwanawe. "Jioni inaingia."

Nafasi ile akaichukua Kaitara. Alipanda mashua na mzigo uliofungwa kwa ajili ya Tiaon, na shati jipya la Tiaon mwilini. Alilifanyia bubuti palepale pwani, na yeye alikuwa na haki nayo. Tiaon alikuwa juu ya mnazi wa mgeni. Kutoka kule juu meli ilionekana yote, na mashua zikiiendea. Waliokuwa pwani walisikia wimbo wake. Wanasema ulikatika mara moja, kisha ukaendelea.

Wasikilizaji wapendwa, Uriam hakuinuka. Alifariki kabla mvua hazijarudi. Watu wakamwambia Tiaon ahadi imekwisha, mwenyewe amekufa.

"Yeye amekufa," Tiaon akajibu, "lakini mtoto bado anakunywa."

Akaendelea kugema. Wanasema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tiaon hakusifiwa, kwa hiyo tembo lake lilibaki vilevile. Wazazi wa msichana aliyekuwa amchumbie walimwondoa binti yao, maana walikuwa wameahidiwa baharia. Hakuoa kamwe. Rotia alikua akimwita baba.

Kisha mjane mmoja mzee akaomba mnazi wake ugemwe, mara moja tu, kwa ajili ya mjukuu. Halafu mlemavu mmoja. Halafu mwalimu wa Jumapili aliyepofuka. Mwaka baada ya mwaka minazi ya wengine iliongezeka mikononi mwake, na ya kwake akaipunguza ili apate nafasi. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kumtaka aache tembo lichache amuuzie. Tiaon alimuuliza, "Na wale watoto nitawapa nini? Ulevi?"

Kaitara alirudi baada ya miaka. Alirudi na pikipiki, redio ya kaseti, mabati ya nyumba, na saruji ya kujengea tangi la maji refu kuliko mtu. Akaalika kijiji kizima kwenye maneaba, ukumbi wetu wa mikutano. Kulikuwa na nguruwe, wali na nyama ya kopo kwa wingi. Tiaon alipoingia, kisu bado kiunoni, Kaitara akainuka.

"Baharia wa mnazi! Leo umetia nanga bandari gani?"

"Kileleni," Tiaon akasema, akikaa mahali pake. "Nimepanda, nimeshuka, sijazama. Shati langu halijambo?"

Maneaba nzima ikaangua kicheko, na Kaitara akamletea sahani kwa mikono yake mwenyewe.

Tusimtie Tiaon utakatifu ambao hakuwa nao. Tulimuuliza Nei Rotia kama baba yake aliwahi kujuta. Alijibu bila kusita.

"Ndiyo. Meli ikija alikuwa hasemi na mtu mpaka iondoke. Na bibi Maere alichota maji ya kisimani mpaka alipofariki. Siku ya mazishi yake baba aliniambia, 'Lile tangi lilikuwa la kwake. Mimi nililiacha, lakini yeye ndiye aliyelikosa.' Hilo lilimuuma mpaka mwisho."

"Na hata hivyo?"

"Na hata hivyo kulipokucha alipanda. Na akiwa juu alikuwa na furaha. Si ya kujilazimisha. Mimi naijua sauti yake."

Uzee haukumwonea huruma Kaitara. Mke wake alikufa. Watoto walihamia Nyuzilandi. Pikipiki ililiwa na chumvi, mabati yakatoboka. Kisha kiharusi kikampooza upande mmoja. Tazameni mambo yalivyo. Mgeni asiye na haki aliomba. Kaitara, ndugu wa damu mwenye haki yote ya bubuti, aliona haya kuomba. Hakuomba. Siku moja tu aliamka akakuta kifuu cha tembo tamu kimening'inizwa kwenye nguzo ya nyumba yake. Tiaon alikuwa ameanza kuugema mnazi wa uani kwa Kaitara, na hakuwahi kulizungumza.

Tulizungumza na mzee Kaitara. Ulimi wake ni mzito sasa, lakini utani haujamtoka.

"Nimezunguka dunia," alisema. "Hamburg, Santos, Singapuri. Kila meli, nikishuka mimi, mwingine anashika zamu yangu hata kitanda hakijapoa. Sikumbuki asubuhi hata moja ambayo mtu aliamka akaniwazia mimi. Yule mjinga wa mnazi alisubiriwa kila asubuhi ya maisha yake. Mkipita kaburini mwambieni nimesema mjinga. Atacheka."

Tiaon alipozidiwa na homa ya kifua, alimwita Bwereti, mume wa Rotia. Minazi mingine alikuwa amekwisha kuigawa kwa vijana. Ulibaki mmoja.

"Mnazi wa Kaitara usilale bila kisu," akamwambia.

"Nitaugema, baba. Lakini mimi sijui kuimba. Watu watakimbia."

"Mnazi hauna masikio."

"Wanawake wa njiani wanayo."

"Basi imba kwa sababu yao, wajue uko juu. Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Nei Rotia na Ten Bwereti, kwa mzee Kaitara, na kwa watu wote wa Temanoku. Bwana amlaze pema Ten Tiaon, mgema. Tiaon hakuacha bati, hakuacha pikipiki, hakuacha tangi. Tunawaomba jambo moja. Leo, kabla hamjazima redio, kila mmoja ajiulize ni nani atakayemsubiri kesho asubuhi. Kama hayupo, bado kuna minazi.

Tumalizie na jioni ya mazishi.

Jeneza lilikuwa juu ya kaburi, limeshikiliwa na kamba. Kamba ya upande wa kichwani alishika Bwereti, kama ilivyo haki ya mkwe, na ni heshima ambayo mtu hupewa mara moja. Mchungaji alikuwa ameomba kwa kirefu. Jua likawa limefika kwenye vichwa vya minazi. Bwereti akaliangalia jua, akaangalia kaburi, akaliangalia jua tena. Kisha akampa jirani yake ile kamba.

"Hata leo?" mzee mmoja akamnong'oneza kwa hasira. "Huna adabu? Baba mkwe wako huyu!"

"Ndiye aliyenituma," Bwereti akasema, na akaondoka mbele ya macho ya watu wote, huku Rotia akilia.

Jeneza likateremshwa bila yeye. Udongo wa kwanza ukaanguka bila yeye. Ndipo sauti ikasikika kutoka uani kwa Kaitara, kutoka juu, mbovu, imekwaruza, imekosea mahali pa kupanda na mahali pa kushuka. Wimbo ulikuwa ule wa Tiaon. Rotia akainua uso. Mchungaji akafunga kitabu, akangoja. Wenye makoleo wakangoja. Kaitara, aliyekuwa ameletwa na kulazwa kwenye mkeka kando ya kaburi, akajaribu kucheka kwa nusu ya mdomo wake.

"Kwaya gani hii," akasema.

Wakangoja mpaka wimbo ukaisha. Bwereti akashuka, akapita katikati ya watu, akapiga magoti karibu na mkeka, akamshika mzee Kaitara kichwa na kumnywesha. Kifuu kilikuwa bado na povu.